Daftari la bibi: ni wanawake wa Keya au wanawake wa kaya?

#1 BintiNgamiani
Wanajamvi, salamu. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Tanga, nyumbani kwake Ngamiani. Juzi tulipokuwa tukigawana vitu vyake nilikuta chini ya kasha, ndani ya kipande cha kaniki, daftari dogo la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Limeandikwa kwa hati ya Kiarabu, lugha yake ni Kiswahili, na tarehe zake ni za Kiislamu: linaanza Mfungo Nne mwaka 1363 na kuishia Mfungo Nane mwaka 1364, yaani tangu Januari 1944 hadi Mei 1945 hivi. Kila ukurasa una majina ya wanawake upande wa kulia, fedha katikati (senti hamsini, shilingi moja, mara chache shilingi mbili), na kushoto jina la aliyepokea.

Kichwa cha ukurasa wa kwanza ndicho kilichotugombanisha. Mjomba anakisoma "wanawake wa Keya", yaani wa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mama anakisoma "wanawake wa kaya", yaani wanawake wa hapa mjini, na anasema huo ni upatu kama upatu mwingine wowote. Mimi niko upande wa mjomba. Nadai kwamba bibi zetu walikuwa na chama chao cha kutunza familia za askari waliopelekwa vitani, na kwamba hakuna aliyejishughulisha kukiandika. Nisahihisheni.

#2 MgosiWaSahare
Pole kwa msiba, dada. Uniwie radhi kwa kucheka, maana miaka themanini imepita na Tanga bado inabishania neno "kaya", na safari hii Wagosi wa Kaya, wanamuziki wetu, wenyewe hawamo. Kabla hatujafika mbali, tuandikie neno hilo herufi kwa herufi kama lilivyo, bila kulisoma.

#3 BintiNgamiani
Ni kafu, ye na alifu. Juu na chini yake hapana alama yoyote, na wino haujafutika, kwa hiyo siyo kwamba alama zilikuwapo zikapotea.

#4 UstadhiWaChuoni
Basi mama na mjomba wote wamesoma sawa. Anayetaka kuandika "kaya" hutia fataha juu ya kafu, na anayetaka kuandika "Keya" hutia kasira chini yake, kwa kuwa hati hiyo haina alama ya "e" peke yake na wazee waliitumia kasira kwa "i" na kwa "e". Mwandishi wa daftari la hesabu hakuandika kwa ajili ya mgeni. Alijua anachoandika na wenzake walijua, kwa hiyo alama akaziacha, kama sisi tunavyofupisha maneno kwenye simu.

Neno peke yake halitatoa jibu. Tafuta kurasa za ndani kama kuna jina la mahali, cheo au neno la kijeshi, na ukumbuke kwamba "p" mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya be, hivyo "posho" itakutokea kama "bosho".

#5 MwalimuMstaafu
Nashukuru kwa somo, Ustadhi, ila nina mashaka na dai lenyewe. Vyama vya wanawake vya kutunza askari na familia zao vina historia inayofahamika, na haikuanzia Ngamiani. Mwaka 1780, Wamarekani walipokuwa wakipigana na Waingereza, wanawake wa Philadelphia wakiongozwa na Esther Reed walipita nyumba kwa nyumba wakakusanya zaidi ya dola 300,000 za karatasi za wakati ule, ambazo thamani yake ilikuwa imeporomoka vibaya. Yeye alitaka kila askari apewe fedha taslimu mkononi. Jenerali George Washington akakataa kwa hofu kwamba zitaishia kwenye ulevi, akaomba mashati. Reed akafa mwaka huohuo, wenzake wakanunua kitani wakashona mashati zaidi ya 2,000, na kila mshonaji akatia jina lake kwenye shati alilolishona.

Uingereza nako, mwaka 1885 vikosi vilipokuwa vikipelekwa Misri, Meja James Gildea aliandika barua gazetini kuomba msaada kwa wake wa askari, na hapo kikazaliwa chama cha familia za wanajeshi ambacho kipo hadi leo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, walowezi wanawake wa Afrika Mashariki wakaunda jumuiya yao mwaka 1917. Kwa hiyo, hata kama daftari ni la wanawake wa Keya, naona asili yake ni mabibi wa maofisa wa Kiingereza, ambao waliwakusanya wake wa askari kambini wakawafundisha kufuma, kushona na kulea watoto.

#6 KasaWaYambe
Mwalimu, kwa heshima zote, jumuiya hiyo ya 1917 ilikuwa ya walowezi wa Kenya, na mwaka huo Tanganyika bado ilikuwa uwanja wa vita. Tena Ngamiani haikuwa kambi. Bibi wa ofisa aje kufundisha kufuma mitaa ya Ngamiani, na kwa joto la Tanga afume nini?

Ukitaka kuleta wanawake wa Kizungu katika hadithi ya Tanga, wako wa zamani zaidi. Mwaka 1886 kule Berlin, Frieda von Bülow na Martha von Pfeil walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanawake kilichotaka kupeleka wauguzi katika koloni la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Frieda akafika Unguja, na baadaye, kaka yake alipofariki, akarudi kusimamia mali aliyoiacha hapahapa Tanga. Chama chenyewe kikaendelea hadi kikawa cha Msalaba Mwekundu kwa ajili ya makoloni. Utaona hata hivyo kwamba hao walikuja kuwauguza Wajerumani. Mke wa askari mweusi hakuwa katika hesabu yao.

#7 MjukuuWaArinoti
Mnahangaika kutafuta mbali kitu kilichokuwa kikipita mlangoni. Tanga ilikuwa na ngoma ya beni, na kila mtoto wa mji aliyezaliwa kabla ya uhuru aliwajua Marini na Arinoti. Vyama vile viliiga jeshi tangu kofia hadi salamu: vilikuwa na kingi, jenerali, kapteni na sajini, na wanawake walikuwa na safu zao na vyeo vyao. Watu wanakumbuka gwaride na tarumbeta wakasahau kwamba mwanachama akifiwa chama kilimzika, akiugua kilimtazama, na akifika kutoka mji mwingine kilimpokea. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi ndio walioisambaza beni bara. Sasa mtu akiwa na chama chenye majenerali, matarumbeta na mfuko wa maziko, na mumewe akachukuliwa Keya, atakwenda kulia wapi?

#8 MwalimuMstaafu
Sipingi kwamba beni ilizikana. Ninachouliza ni kwa nini daftari halina jina la Marini wala la Arinoti. Watu waliokuwa tayari kuuza mbuzi wa mwisho ili washinde gwaride wasingeacha kuliandika jina la chama chao juu ya ukurasa wa kwanza.

#9 MjukuuWaArinoti
Nimekubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba wanawake walikuwa na ngoma yao ya lelemama, na kwa habari ya fedha hawakuwaamini majenerali.

#10 BintiNgamiani
Nimekaa na mjomba usiku kucha tukapitia kurasa zote. "Posho" haimo, kwa "p" wala kwa "b". Cheo hakimo. Jina la mahali limo moja tu, Mombasa, nalo limeandikwa pembeni ya jina la mwanamke, kwa hiyo huenda ni mahali alikotoka.

Yapo mambo matatu ninayoyaona ya ajabu. Kwanza, michango ya Mfungo Sita 1363 ni maradufu ya miezi mingine. Walewale waliokuwa wakitoa senti hamsini wametoa shilingi. Pili, wapo wanawake watatu waliopokea mara mbili au zaidi, na mmoja aliyechangia kila mwezi bila jina lake kuonekana hata mara moja upande wa wapokeaji. Tatu, kuna jina moja limekatwa kwa mstari, na juu ya mstari pameandikwa "mchele pishi 1".

#11 BahariaMstaafu
Hilo la Mfungo Sita limenishtua. Mwezi wa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imejaa wanajeshi, na tarehe 12 manowari ya Kijapani ikaizamisha karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Nimepiga hesabu, na siku hiyo inaangukia kiasi cha tarehe 17 Mfungo Tano 1363. Wiki mbili baadaye ndipo unapoandama mwezi wa Mfungo Sita, na wanawake wa Ngamiani wanatoa maradufu. Na jina la Mombasa limo pembeni. Mimi naona hapo palikuwa na tanga, tena siyo tanga la mtu mmoja.

#12 UstadhiWaChuoni
Ndugu Baharia, hesabu yako ya miezi ni sahihi na hoja yako inatia huzuni, lakini umesahau kwamba Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi. Katika mji huu hakuna daftari la wanawake ambalo halipandi mwezi huo, kwa sababu kuna mchele, nyama, uvumba na marashi ya kununuliwa. Tena wakati wa vita habari za meli iliyozama hazikupigiwa mbiu. Wiki mbili ni muda mfupi mno kwa habari kama hiyo kutoka baharini hadi ikafika jikoni kwa mtu.

#13 BahariaMstaafu
Habari ya bandarini haikungojea mbiu, Ustadhi. Makuli na mabaharia walijua meli ipi imechelewa kabla ya wakubwa kuambiana. Na wakati wa vita mchele wa Maulidi nao ulikuwa wa taabu. Ila nakiri kwamba Mfungo Sita ungekuja hata kama meli isingezama.

#14 ShangaziWaMakorora
Nimecheza upatu miaka arobaini, naomba niseme kama mtaalamu wa jambo hili dogo. Mtu kupokea mara mbili katika upatu si ajabu hata kidogo. Anakuwa na mikono miwili: anachangia kwa majina mawili, la kwake na la mwanawe, na anapokea mara mbili. Tazama kama wale watatu walikuwa wakitoa fungu kubwa kuliko wenzao. Yule aliyechangia bila kupokea ndiye asiyeingia katika upatu wowote ninaoujua. Hakuna mwanamke wa Tanga anayechanga mwaka mzima na nusu asipokee, akanyamaza.

#15 BintiNgamiani
Shangazi, nimetazama. Mmoja kati ya watatu alitoa mikono miwili, wengine wawili walitoa mkono mmoja kama watu wote. Na yule asiyepokea ni bibi yangu mwenyewe.

#16 ShangaziWaMakorora
Basi bibi yako ndiye aliyekuwa mama wa mchezo. Mama wa mchezo naye hupokea, mara nyingi wa kwanza. Sina la kuongeza hapo, mwanangu, umenichanganya.

#17 KasaWaYambe
Naomba turudi kwa mke wa askari, kwa kuwa tunamtaja kama mtu aliyekaa nyumbani akisubiri, na haikuwa hivyo siku zote. Katika vita ya Wajerumani wake wa askari walifuatana na kikosi. Walibeba vyungu, mikeka na watoto, wakapika, wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na wengine walijifungua njiani. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wanawake nao walikuwapo. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai, na husimuliwa kwamba asiyekuwa na cheti alipewa mpini wa ufagio akaamriwa kwata kwa Kijerumani, na aliyeikumbuka akalipwa. Mwanamke aliyebeba chungu kutoka Tanga hadi Mbala angeamriwa kwata gani?

#18 MgosiWaSahare
Nimekaa nikisubiri mtu awataje nyuki wa 1914 waliowatimua Waingereza hapa Tanga, na kwa mara ya kwanza uzi wa vita umefika nambari 17 bila nyuki. Hongereni. Sasa nimeharibu mimi.

#19 KaraniWaZamani
Niliwahi kufanya kazi masjala, na babu yangu alikuwa Keya wa Burma, kwa hiyo nina senti zangu mbili. Askari wa vita ya pili aliruhusiwa kukata sehemu ya mshahara wake ikalipwa nyumbani kupitia bomani, na aliandikisha jina la mpokeaji. Babu aliandikisha jina la kaka yake mkubwa, kwa sababu ndivyo alivyoelewa heshima. Bibi akawa kila mwezi anamngoja shemeji atoke bomani, na shemeji alikuwa na wake wawili na watoto wake mwenyewe. Siwezi kusema aliiba. Fedha ilipita mikononi mwake ikafika kwa bibi imepungua, na miezi mingine haikufika.

Mwalimu ametaja chama cha Uingereza cha 1885. Kule nako askari aliyeoa bila kibali cha kamanda wake, mkewe hakuandikwa katika orodha ya kikosi, akakosa nyumba na posho, na hao ndio waliokuwa na shida kuliko wote mume alipopelekwa ng'ambo. Shida ilikuwa ileile huku na kule: kuna jina kwenye karatasi, na kuna mtu mwenye njaa, na hao wawili si mtu mmoja. Kwa maoni yangu daftari la Ngamiani ni la wanawake ambao majina yao hayakuwa bomani. Wangekuwa wanalipwa vizuri, wasingechangiana senti hamsini.

#20 MwalimuMstaafu
Karani, hiyo ni hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hadi sasa, ila inasimama juu ya Keya. Wanawake wa kaya nao walikuwa na njaa mwaka 1944.

#21 MtotoWaKagera
Mimi nitoe habari ya karibu zaidi. Nilikuwa na miaka saba Idi Amin alipoingia Kagera, na baba alikuwa mgambo. Watu wote wanaikumbuka hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya sababu, nia na uwezo. Mimi ninachokumbuka ni kapu. Wanawake wa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania, wa tawi letu hapa Tanga walipita nyumba kwa nyumba na kapu la ukindu, na watu wakatia walichokuwa nacho: unga, sabuni, fedha, hata kuku. Kapu hilo lilikuwa la mbele, la jeshi.

Kulikuwa na kapu la pili ambalo halikuwa na jina. Jioni mama yangu alikuwa akikuta nyuma ya mlango wa uani kibaba cha unga, au mafungu mawili ya dagaa yaliyofungwa kwa jani la mgomba, na hakuna aliyebisha hodi. Walifanya hivyo ili asiaibike. Kampala ilipotekwa mwezi wa Machi 1979 mtaa wote ulicheza, na mama alicheza nao, lakini baba hakurudi hadi mwisho wa mwaka.

#22 KasaWaYambe
Simulizi nzuri sana, ndugu. Sahihisho dogo tu: Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

#23 MtotoWaKagera
Nakubali, Aprili. Nilikuwa na miaka saba. Niongeze kwamba jirani yetu mumewe hakurudi kabisa, na ofisi moja ilimzungusha miaka mingi kwa sababu jina lililoandikwa kwenye fomu lilikuwa la mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Niliposoma aliyoyaandika Karani nilimwona yule mama amekaa kwenye benchi na bahasha yake ya kaki.

#24 MkeWaAfande
Nimekuwa nikisoma kimya tangu juzi. Mume wangu ni mwanajeshi, na amekwenda kulinda amani Kongo. Kambini tuna mfuko wetu: harusi, uzazi, msiba, na mwenye mume safarini husaidiwa kupeleka mtoto hospitali. Wake wa wakubwa wanatuongoza, kwa hiyo Mwalimu hajakosea kwamba vyeo vya waume huwafuata wake. Nimekaa vikao ambavyo mke wa koplo alisubiri mke wa meja aketi kwanza.

Lakini kuna usiku mmoja sitausahau. Desemba 2017, habari za shambulio la Semuliki zilipoanza kuvuja, kwenye kundi letu la WhatsApp hakuna aliyeuliza wala aliyeandika pole, kwa sababu ukiandika pole utampa nani? Mmoja akatuma nukta moja tu. Mwingine akatuma nukta. Hadi alfajiri skrini ilikuwa imejaa nukta, kila moja ikisema niko macho. Mke wa meja alituma nukta kama mimi. Ukinionyesha daftari la usiku ule baada ya miaka themanini, hutakuta neno "jeshi" hata moja.

#25 UstadhiWaChuoni
Dada yetu, Mungu awalinde. Umeniondolea hoja yangu ya "posho" bila hata kunijibu.

#26 MpitaNjia88
Nimeishi Marekani muda, naongeza moja. Kule mama waliofiwa na wana vitani walianzisha umoja wao mwaka 1928, wa nyota ya dhahabu, na kati ya 1930 na 1933 serikali iliwalipia mama na wajane safari ya kwenda Ulaya kuona makaburi ya waliokufa vita ya kwanza. Mama weusi walipandishwa meli tofauti na kulazwa hoteli tofauti, na baadhi walikataa kwenda. Hata hivyo waliokwenda waliliona kaburi. Kule Burma, Taukkyan, kuna kumbukumbu yenye majina karibu 27,000 ya askari wasiojulikana walikozikwa, wakiwamo wa Afrika Mashariki. Sijui kama kuna mwanamke wa Tanga aliyewahi kusomewa hata jina moja la pale.

#27 MwalimuMstaafu
Kuna jambo la tarehe ambalo linanisumbua. Binti amesema daftari linaishia Mfungo Nane 1364. Vita vya Ulaya viliisha tarehe 8 Mei 1945, ndani ya mwezi huo. Anayesema ni la Keya atafurahi. Lakini askari wetu walikuwa wakipigana na Mjapani: divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kuvuka mto Chindwin Desemba ile, na Mjapani hakusalimu amri hadi Agosti 1945. Askari wenyewe walirudi kwa mafungu hadi mwaka uliofuata. Chama cha wake wa Keya kingefungwaje Mei, waume wangali ng'ambo?

#28 KaraniWaZamani
Huenda daftari lilijaa, wakaanza jingine.

#29 BintiNgamiani
Zimebaki kurasa nne tupu.

#30 MjukuuWaArinoti
Basi huenda waliacha kuandika bila kuacha kuchangiana. Kumbukeni pia jinsi vyama vya wanawake vilivyobadilika. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam kabla ya mwaka 1955, na TANU ilipowahitaji wanawake, alikwenda kuwatafuta katika vikundi hivyohivyo vya ngoma, kwa sababu huko tayari kulikuwa na viongozi, michango na watu wa kutumwa. Mwaka 1962 ndiyo ikaja UWT. Wanawake walewale wangeweza kuwa lelemama leo, upatu kesho, na wanawake wa Keya mume akichukuliwa. Sisi ndio tunaotaka kila kitu kiwe na muhuri.

#31 MwalimuMstaafu
Ukisema kila kitu kilikuwa kila kitu, ndugu yangu, hujaeleza chochote. Chama kina masharti.

#32 MgosiWaSahare
Mwalimu, hata nukta za Kongo hazikuwa na masharti. Tuendelee. Binti, hakuna mzee hata mmoja wa mtaa huo aliye hai?

#33 BintiNgamiani
Yupo. Leo asubuhi nimetoka Makorora kwa bi mkubwa mmoja ambaye alikuwa mtoto wa kutumwa nyumbani kwa bibi wakati huo. Macho yake hayaoni tena vizuri, kwa hiyo nilimsomea. Nilimuuliza moja kwa moja: ilikuwa Keya au kaya? Akaniuliza nani anataka kujua. Nikamweleza habari zenu. Akasema wao hawakuwa wakisema Keya wala kaya. Walikuwa wakisema "nakwenda kwa bibi yako", na kila mtu alijua ni siku ya fedha. Nikamuuliza kama wanawake hao waume zao walikuwa vitani. Akasema wengine walikuwa vitani, wengine mkongeni, na mmoja alikuwa Pangani na mke mwingine, lakini naye walimchangia mkewe kwa sababu njaa ni ileile.

Kisha nikamsomea majina. Nilipofika kwenye lile lililokatwa, lenye "mchele pishi 1" juu yake, akanishika mkono akasema: "Huyo ni mama yangu. Hiyo pishi hatukupewa."

#34 BahariaMstaafu
Halikukatwa kwa kuwa amelipwa?

#35 BintiNgamiani
Bibi yangu aliandika kwamba amelipwa. Bi mkubwa anasema yeye ndiye aliyetumwa na kikapu, akarudi kitupu, na akapigwa kwa kudhaniwa ameumwaga njiani.

#36 ShangaziWaMakorora
Mwanangu, pishi ni vibaba vinne. Usipeleke pungufu.

#37 BintiNgamiani
Nimetoka kupeleka sasa hivi, Shangazi, kilo tatu kamili. Ameutia mkono ndani ya mfuko, akaniambia ule wa wakati ule ulikuwa mchele wa Bumbwisudi au wa Kipumbwi, hakumbuki, lakini haukuwa na chenga kama huu.